Watoro Watatu

Kwenye mchezo vifaru vilikuwa kumi na viwili, na kwenye vita yenyewe hata kimoja hakikuwahi kufika, palikuwa na trekta tu. Bi Sahihi alilisema hilo kwenye kikao cha kwanza, akalirudia cha pili, na cha tatu Meneja akamkata kabla hajafungua mdomo.

"Tunajua, tunajua, hakukuwa na vifaru. Sasa wewe uliona wapi mtu anatoa hela yake kucheza vita ya trekta?"

Watu wakacheka. Naye akacheka, maana ukikataa kucheka ofisini unaambiwa una kisirani.

Jina la Bi Sahihi alipewa na wenzake hao hao. Walikuwa wakitengeneza mchezo wa vita wa kwenye kompyuta na simu, ule wa kupanga majeshi na kuyasukuma huku na kule, na kazi yake ilikuwa kuandika maneno yanayosemwa na wanajeshi na kuhakiki kama mambo yamekwenda kama yalivyokwenda. Kwenye tangazo waliandika kwa herufi kubwa: HISTORIA HALISI. Hiyo halisi ndiyo iliyomchosha. Alisahihisha kofia, wakakubali. Alisahihisha mto, kwamba haukuwa mpana kama ziwa, wakakubali nusu. Hadithi yenyewe hakuna aliyethubutu kuigusa, kwa kuwa nchi nzima inaijua na watoto wanaisoma darasani: kikosi kidogo kiliwazuia adui kwa kulivunja daraja, na amri ilipokewa redioni na kijana mmoja aliyepaza sauti, "Vunjeni!" Kijana huyo sasa ni mzee, na ndiye baba yake Bi Sahihi. Mtaani wanamwita Sajini. Hajawahi kuwa sajini hata siku moja. Cheo hicho alipandishwa na kinyozi.

Jumatatu hiyo alifungua sehemu mpya ya mchezo ili aandike maneno yake, akaona watu watatu wanakimbia darajani kuelekea upande wa adui. Juu ya vichwa vyao paliandikwa *Watoro*. Ukiwapiga risasi unapata alama. Wa kati alikuwa mrefu kupita kiasi, shingo imechomoka kwenye kola, na alikimbia akiwa ameinama kidogo kama watu warefu wanavyopita milangoni.

Alimwita mchoraji. "Huyu umemtoa wapi?"

"Kwenye picha ya kikosi, ile ya makumbusho. Majina yao yako kwenye kitabu cha shule. Walitoroka wakajiunga na adui."

"Huyu ni mume wa shangazi yangu."

Mchoraji alijikuna kidevu. "Pole, dada. Lakini ametokea vizuri, eeh?"

Akaenda kwa Meneja. Meneja hakuwa mtu mbaya, tusimsingizie. Alikuwa mtu mwenye Ijumaa. Ijumaa mchezo ungefungwa, na ukishafungwa hata nukta haiguswi tena.

"Niletee mtu aliyekuwepo," alisema. "Aseme hawa hawakutoroka, nami nawatoa palepale. Lakini maneno yako tu, hapana, kitabu cha shule kinakushinda."

"Na hili toleo la majaribio mlilolitoa jana? Wamo?"

"Wamo. Vijana wanalichezea huko mitaani, wamelipenda balaa." Kisha akachangamka. "Halafu si mzee wako yupo? Namtaka. Namtaka aje aseme lile neno lake kwa sauti yake mwenyewe, tuliweke kwenye mchezo. Ukimleta, muulize na hilo la watoro. Nani atabishana na Sajini?"

*

Shangazi alikuwa akipiga pasi. Ndiyo kazi yake, nguo za watu, na chumba chote cha mbele kimejaa mashati ya wengine, yananing'inia kama wageni wasioambiwa wakae. Mlango huwa wazi kwa ajili ya joto, na ng'ambo ya barabara ni kwa kinyozi, ambako vijana hukaa kutwa kwenye benchi na simu zao.

"Shangazi!" mmoja alipaza sauti. "Leo tumempiga mumeo mara nne, na bado anakimbia!"

"Mkimkamata mniletee," Shangazi alijibu bila kuinua kichwa. "Nina maneno naye."

Wakaangua kicheko. Mwanamke huyu ana ulimi, na mwenye ulimi watu hawamhurumii, wanadhani hana kidonda. Bi Sahihi ndiye aliyeona pasi imetulia kwenye kola muda mrefu kuliko inavyopaswa, na harufu ikaanza kupanda.

"Shangazi, shati!"

"Uwii!" Akainyanyua. Alama ya kahawia ilikuwa imekaa kwenye kola, umbo la ncha ya pasi. Lilikuwa shati la mwalimu mstaafu wa nyumba ya kona. Ilibidi Shangazi avae khanga yake nzuri aende mwenyewe kuomba radhi, na mwalimu akamwangalia toka juu hadi chini akamwambia, "Na wewe siku hizi akili yako iko kwa nani?" Mbele ya wajukuu zake. Shangazi akarudi akasimulia kwa kuigiza sauti ya mwalimu, pua juu, mpaka Bi Sahihi akacheka bila kutaka.

Ndivyo alivyofanya na kila kitu. Kila mwaka alikwenda ofisi ya familia za wanajeshi, apange foleni na wajane wenzake, na kila mwaka karani alimrudishia karatasi zake. "Mama, mjane ni aliyefiwa. Wewe umekimbiwa." Hilo nalo alilisimulia kama kichekesho. Wanaume wawili walimposa, watu wazima wenye heshima zao, akawakataa. "Nina mume," aliwaambia. "Mbovu, lakini ninaye."

"Akirudi yule mtoro," alikuwa akisema huku akinyunyizia nguo maji, "sitamfungulia. Nitamwacha asimame hapo nje mpaka ile miguu yake mirefu imuume. Halafu ndiyo nimuulize."

"Umuulize nini, shangazi?"

"Nimuulize kama amekula." Akafikiri kidogo. "Halafu nimfukuze."

Sajini alikuwa pale pale kwenye kiti chake cha pembeni, ameshika gazeti la wiki iliyopita. Aliposikia hivyo akalikunja, akatoka nje kwenda nyuma ya nyumba. Siku zote hutoka mazungumzo yakifika hapo. Bi Sahihi alimfuata, akamkuta amesimama karibu na kamba ya nguo akiangalia ukuta.

"Baba. Walitoroka?"

"Si wameandika?"

"Sikuulizi waandishi. Nakuuliza wewe, ulikuwepo."

"Mwanangu, la kuvunda halina ubani. Achana nalo."

"Vijana wanampiga risasi mumewe mbele ya mlango wake, baba. Wanapewa alama. Ijumaa ukifungwa hivyo, ndiyo basi, watampiga mpaka tuzeeke. Sema tu kwamba hawakutoroka, Meneja anawatoa."

Mzee akainua mkono sikioni. Alikuwa na tabia ya kufikicha sikio la kulia anapofikiri, na alilifikicha mpaka likawa jekundu.

"Huyo bosi wako anataka neno moja tu kutoka kwangu, si ndiyo?"

"Neno moja. 'Vunjeni daraja.' Na hilo lingine kama utapenda."

"Nitakuja kusema neno lao," alisema. "Hilo lingine tutaona."

*

Alikuja Alhamisi na koti lake la sherehe. Ofisi nzima ilisimama. Mchoraji aliomba kupiga naye picha, Meneja akamshika mkono kwa mikono miwili, na mtu mmoja akamuuliza vifaru vinanguruma vipi vikiwa karibu.

"Sijui," alisema Sajini. "Mimi nilisikia trekta. La kukodi. Lilikwama kwenye tope, mwenyewe akalia."

Wakacheka sana wakidhani ni utani wa wazee.

Chumba cha kurekodia kilikuwa kidogo, kuta zimebandikwa magodoro, na mzee alipokaa mbele ya kipaza sauti na vile visikizio vikubwa masikioni, ghafla alionekana kijana. Bi Sahihi aliona hilo kupitia kioo na likamkosesha raha. Fundi wa sauti, kijana mpole mwenye mikono ya haraka, akamwonyesha kidole.

"Haya mzee. Kwa nguvu. Kama siku ile."

"Vukeni daraja!" alipiga kelele Sajini.

Fundi akatabasamu. "Safi kabisa. Ila ni *vunjeni*, mzee. Tena."

"Vukeni daraja!"

"Vu-nje-ni."

"Nimekusikia. Vukeni daraja!"

Mara ya tano Meneja akamnong'oneza Bi Sahihi, "Meno?"

"Meno ni yangu mwenyewe!" Sajini akajibu kutoka ndani. Kumbe visikizio vile vilikuwa vinamletea kila kitu.

Wakapumzika. Wakamletea chai, mzee akapiga funda moja akakunja uso. "Nani kapika hii? Hebu onjeni wenyewe! Onjeni! Hii si chai, hii ni sukari iliyonyeshewa mvua." Chumba kizima kikaangua kicheko, Bi Sahihi naye akapumua kidogo. Wakajaribu tena mara mbili, ikawa vukeni, vukeni. Fundi akasema basi, mzee asichoke, atajua la kufanya.

Na alijua. Alichukua *vu* ya vukeni, akachukua *njeni* ya onjeni ile ya chai, akaziunganisha, akapaka mlio wa redio ya zamani juu yake, kwaruzakwaruza, kama sauti inayotoka mbali. Ilimchukua muda mfupi kuliko kuosha kikombe. Akageuka kwa furaha ya mtu aliyeokoa kazi. "Mzee, sikiliza mwenyewe."

*Vunjeni daraja!*

Ilikuwa sauti ya baba yake, haswa. Sajini akavua visikizio taratibu, akaviweka mezani kama mtu anayeweka yai.

"Ndiyo hiyo," alisema. "Hivyo hivyo ndivyo nilivyowaambia." Akasimama, akatoka.

Bi Sahihi alimkuta kwenye korido, karibu na mashine ya maji, ameegemea ukuta na koti lake la sherehe. Mzee alianza mwenyewe, kwa sauti ya chini, ya kuchoka, kama anasoma bei.

"Walitumwa, hawakutoroka. Watatu walitangulia ng'ambo kuangalia kama njia ni nyeupe. Wakapunga kwamba ni nyeupe. Kamanda akaniambia niulize makao makuu. Nikauliza. Redio ilikuwa inakwaruza, kama hiyo ya huyo kijana. Wakasema vukeni daraja. Vukeni. Mimi nikasikia vunjeni."

"Baba."

"Baruti zilikuwa zimeshafungwa tangu asubuhi, za tahadhari. Kamanda akaniuliza, umesikia vizuri? Nami nilikuwa kijana, naona haya kuwaambia wakubwa warudie. Nikasema ndiyo, afande." Akafikicha sikio. "Mrefu alivua shati akawa anapunga. Alidhani ni kosa dogo, tutatafuta mtumbwi. Alikuwa anacheka. Jioni adui wakafika na malori mawili. Mto si mpana, ulisema mwenyewe kwenye vikao vyako. Tuliona yote."

"Na hayo ya utoro?"

"Kamanda angesema nini? Kwamba tumevunja daraja letu wenyewe na watu wetu wako upande wa pili? Aliandika tumewazuia adui. Waliokuwa ng'ambo ikabidi wawe wamekwenda wenyewe. Yeye akapata nishani, mimi nikapata jina. Kisha nikarudi nyumbani nikamkuta dada yangu mlangoni." Akamtazama. "Ungemwambia wewe?"

Bi Sahihi alijawa na hasira, na papo hapo akamwonea huruma, na hivyo viwili havikutaka kukaa pamoja. Akamshika mkono wakaenda kwa Meneja.

*

Meneja alisikiliza mpaka mwisho. Hata simu yake ilipoita, hakuipokea.

"Vukeni," alisema hatimaye.

"Vukeni," alisema mzee.

"Bi Sahihi, mchezo wetu unaitwa *Vunja Daraja*." Alisema hivyo bila ukali, kama daktari. "Matangazo yameshabandikwa. Mwisho wa mchezo mtu anavunja daraja, anashinda. Sasa nimwambie mchezaji nini? Umevunja daraja, hongera, umekosea kusikia?"

"Ungesema historia halisi," alisema Bi Sahihi.

Meneja akafuta uso kwa viganja vyote viwili. Naye alionekana amechoka, tuseme haki. "Nitawatoa. Nilikuahidi, na shahidi umemleta. Nawafuta wote watatu, wasiwepo kabisa. Hakuna atakayewapiga risasi tena."

"Lakini walikuwepo."

"Asiyekuwepo na lake halipo, dada. Si ndicho ulichotaka, watoke?"

Ndicho alichotaka. Jumatatu alikuwa ametaka hicho tu, na sasa kilimkaa mdomoni kama chakula kilichopoa. Alimtazama baba yake, aliyekuwa akitazama viatu vyake. Alifikiria kubishana, akafikiria Ijumaa, akafikiria vikao vyote vile vya kofia na mto.

"Sawa," alisema. Aliona aibu kusema hivyo, lakini alisema.

Mchoraji aliwachagua watatu mmoja mmoja, akabonyeza. Mrefu akaondoka wa mwisho. Darajani hapakubaki mtu, na nyasi za kando zikaendelea kutikisika kwa upepo waliouweka.

*

Jumamosi asubuhi vijana wa benchi walikuwa wakilalamika.

"Watoro wamekwenda wapi? Mbona hawapo?"

"Mmemmaliza?" Shangazi aliuliza kutoka ndani, mkono kiunoni.

"Hatunaye, Shangazi! Amewatoroka hata watengenezaji!"

Bi Sahihi alikuwa akikunja mashuka upande wa pili wa meza. Alikuwa amelala vibaya siku mbili akipanga namna ya kusema, na sasa nusu ya habari ikamtoka yenyewe. "Wametolewa, shangazi. Mumeo hatapigwa risasi tena. Hawakuwa watoro, na ofisini wamekubali."

Shangazi akaiweka pasi wima. Uso wake ulichanua namna ambayo Bi Sahihi hakuwa amewahi kuiona, ukarudi nyuma miaka mingi kwa mara moja. "Hawakuwa watoro? Nani kasema?"

"Baba."

Wakamgeukia wote wawili. Sajini alikuwa kwenye kiti chake cha pembeni, na safari hii gazeti lilikuwa sakafuni. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi. Bi Sahihi alimwona akiutazama, akadhani atatoka, na moyoni akasema, ukitoka leo, baba, sitakusamehe.

"Umewaambia nini, kaka?" Shangazi aliuliza. Alikuwa bado anatabasamu. "Eeh? Umewaambia alitumwa? Mimi nilijua alitumwa! Yule mtu hata kwenda dukani bila kutumwa alikuwa mzito. Basi kama alitumwa, yuko wapi miaka yote? Walimfunga? Wanamfanyisha kazi huko?"

"Kaa chini, mdogo wangu."

"Nimekaa sana. Sema."

Akasema. Hakupamba wala hakujitetea. Alisema vukeni, akasema vunjeni, akasema ndiyo afande. Alisema shati lililokuwa likipungwa, akaendelea mpaka kwenye malori mawili na jioni yake. Ng'ambo ya barabara mashine ya kinyozi ilikuwa inanguruma.

Shangazi alikuwa amesimama vilevile, mkono juu ya ubao wa pasi.

"Ulimwona kwa macho yako."

"Nilimwona."

"Akianguka."

"Ndiyo."

"Siku ile ile. Hata wiki hakumaliza huko."

"Siku ile ile, dada. Nisamehe. Niliona bora umchukie kuliko..."

"Nyamaza." Hakulisema kwa ukali. Alikuwa kama mtu anayepiga hesabu na hataki kupotezwa. "Mimi nimemtukana kila siku. Kila siku, kaka, asubuhi na jioni, unanisikia, umekaa hapo hapo. Nilikuwa namtukana kwa sababu anasikia. Mtoro anarudi! Watu huwa wanarudi! Hata mwenye aibu, akizeeka anarudi nyumbani." Akamgeukia Bi Sahihi, macho makavu, akauliza taratibu, "Kwa hiyo nilikuwa nasema na nani?"

Bi Sahihi akamwendea, lakini hakumfikia. Shangazi alishuka pale alipokuwa, kwanza magoti, kisha mwili wote, mashati mawili yakaanguka naye, na sauti iliyomtoka haikuwa ya mwanamke mwenye ulimi. "Mume wangu weee! Mume wangu! Jamani, mume wangu!" Alikuwa amejishika kichwa kwa mikono miwili. Sajini akainuka akataka kumgusa begani, mkono ukabaki hewani, ukarudi.

Mashine ya kinyozi ikanyamaza. Vijana wakaja mbio, simu mikononi. Mwanamke wa mlango wa pili akaja na unga viganjani, na kinyozi mwenyewe akafuatwa na mteja aliyenyolewa upande mmoja. Wote wakajaa mlangoni, kwa adabu ile watu wanayoipata mara moja wakisikia kilio cha kweli.

"Kuna nini?" kinyozi aliuliza. "Jamani, nani amefariki?"

"Mume wa shangazi," alisema Bi Sahihi.

Wakatazamana. Kijana wa benchi, yule aliyesema mara nne, akaiweka simu yake mfukoni.

"Poleni," alisema kinyozi. "Poleni sana. Amefariki lini?"

Bi Sahihi alimtazama baba yake, akamtazama mwanamke aliye sakafuni.

"Leo," alisema. "Amefariki leo."